Shimo ni Deni

Mtu akopaye fedha kwa jirani kisha akakataa kulipa huitwa dhalimu, wala hatuoni haya kumwita hivyo hadharani. Lakini mtu achimbaye ardhi, akachukua changarawe au mawe, kisha akaenda zake na kuacha shimo wazi, twamwita mjenga nchi, na pengine twampigia makofi. Nataka, ewe msomaji, tulipime jambo hili pamoja, kwa maana hukumu zetu hizi mbili haziwezi kuwa za haki kwa wakati mmoja. Nasema kwamba shimo lililoachwa wazi ni deni. Na dawa ya deni, kama wasemavyo wahenga, ni kulipa.

Mwanafunzi wa Zombe, au wa Mutitu, au wa Voo, hahitaji kwenda mbali ili aone mfano wa jambo hili. Kwa miaka mingi barabara za Kitui Mashariki zimetengenezwa kwa changarawe, na changarawe haishuki kwa mvua. Huchimbwa karibu na barabara yenyewe, kwa kuwa kuichukua kutoka mbali ni gharama. Tingatinga huja, likakwangua udongo wa juu ambao maumbile yalitumia karne nyingi kuufanya, likausukuma kando pamoja na visiki na majani. Kisha malori hupakia changarawe nyekundu iliyo chini yake, siku baada ya siku. Barabara ikiisha, mitambo huondoka. Mvua kubwa ikiiharibu barabara, mitambo hurudi, lakini si lazima irudi kwenye shimo la zamani. Yaweza kufungua jipya. Hivyo barabara hubaki ile ile moja, na mashimo huongezeka.

Usidhani kwamba naipinga barabara. Mgonjwa apelekwaye hospitali mjini Kitui hapiti juu ya maneno ya waandishi. Hupita juu ya changarawe. Ninaloligomba ni hesabu ya uongo. Mchimbaji huandika bei ya mafuta, mishahara ya madereva na ukodishaji wa mitambo, lakini bei ya shimo haiandiki, kwa sababu si yeye atakayeilipa. Huilipa mchungaji ambaye ng'ombe wake ameteleza ukingoni akavunjika mguu. Huilipa mkulima ambaye shamba lake, lililo chini ya shimo, hukatwa na korongo kila masika na kila vuli. Huilipa kijiji kizima kinachoumwa na mbu waliozaliwa katika maji yaliyotuama. Na wakati mwingine huilipa mama kwa mtoto wake. Mara kwa mara nchini Kenya zimesikika habari za watoto waliozama katika machimbo yaliyoachwa yakajaa maji. Maji ya shimo si kama ya mto wenye ufuko: hatua moja humfika mtoto gotini, na hatua ya pili humfunika kichwa.

Ukiwauliza watu kwa nini deni hili halilipwi, utapewa visingizio vingi. Mimi nitavitaja vitatu, kisha nivijibu kimoja kimoja.

Kisingizio cha kwanza husema: "Pale palikuwa pori tupu, basi kumeharibika nini?" Neno hili "tupu" limetumiwa kuhalalisha uharibifu mwingi duniani. Pori la Ukambani si tupu. Ni malisho ya mbuzi, ni dawa, ni kuni, ni mizinga ya nyuki iliyotundikwa migungani. Tena katika nchi kavu udongo wa juu ndio akiba ya kila kitu: ndani yake mna mbegu za nyasi zingojazo mvua, mna viumbe wadogo walishao mizizi, na mna ule unyevu kidogo uwezao kuuvusha mti kutoka mvua moja hadi nyingine. Nchi yenye mvua nyingi huweza kujiponya upesi. Nchi yenye mvua chache haina haraka hiyo. Kwa hiyo ndiyo hasa istahiliyo kuchimbwa kwa uangalifu zaidi.

Kisingizio cha pili husema: "Liacheni shimo, litatufaa kwa maji ya mifugo." Katika hoja zote za wapinzani wangu hii ndiyo niionayo kuwa na uzito, kwa kuwa kiu ya Kitui si jambo la mzaha. Lakini shimo la kubahatisha si bwawa. Bwawa huchaguliwa mahali pake. Kingo zake hulazwa ili mnyama ashuke na kupanda. Maji yaingiapo huchujwa, na yatokapo hupewa njia. Nasi watu wa Kitui hatuna udhuru wa kutojua tofauti hiyo, kwa maana katika kaunti yetu yamejengwa mabwawa mengi ya mchanga ambayo wageni hutoka ng'ambo kuja kuyatazama. Ukuta wa zege hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake. Na maji hukaa ndani ya mchanga, yasikaushwe upesi na jua. Hiyo ni kazi ya akili. Shimo lililojaa maji machafu kwa bahati si kazi ya akili, na kulisifu ni kumsifu mdaiwa kwa sababu alisahau mwavuli wake nyumbani kwako.

Kisingizio cha tatu ndicho kikubwa, nacho husema: "Haiwezekani. Ardhi ile imekwisha kufa. Hakuna mti utakaoota juu ya mwamba." Hapa sina haja ya kujibu kwa maneno, maana jibu liko Mombasa, nalo laweza kutazamwa kwa macho.

Huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Saruji yake ilitokana na mwamba wa matumbawe ya kale, uliochimbwa mwaka baada ya mwaka hata pakabaki uwanda mpana mweupe, bila udongo, ukiwaka kwa jua, na chini yake kidogo tu maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja mwenye elimu ya kilimo, René Haller, alianza kuutafutia uwanda ule dawa. Alipanda aina 26 za miti. Zikafa, ila tatu: mvinje, mnazi, na mti wa nchi kavu za Somalia uitwao damasi.

Nakuomba usiipite upesi hesabu hiyo. Kati ya aina 26, zilizosalia ni 3. Mtu mwingine angesema, "Nimeshindwa mara ishirini na tatu," akafunga virago. Haller alisema, kwa matendo yake, kwamba sasa amejua mambo ishirini na sita ambayo hakuyajua hapo kwanza. Hiyo ndiyo maana ya utafiti. Utafiti ni kuiuliza ardhi swali, kungoja jibu lake, na kuliandika jibu hilo hata likiwa chungu.

Mvinje ulistawi kwa sababu katika mizizi yake hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hunasa naitrojeni ya hewani na kuupa mti chakula ambacho mwamba hauna. Lakini tatizo jipya likazuka. Majani ya mvinje, yaliyo kama sindano, yalianguka yakalala pale pale bila kuoza. Na bila kuoza hakuna udongo. Dawa ya tatizo hili ilikuwa mnyama ambaye watu wengi humkanyaga bila kumtazama: jongoo mwenye miguu myekundu. Majongoo yakaletwa chini ya mivinje, yakala majani makavu, na kinyesi chao kikawa mboji. Juu ya mboji pakaota miti mingine. Chini ya miti wakaja ndege na wanyama. Na madimbwi yakawa mabwawa ya samaki. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa wageni, na mwaka 1987 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilimtukuza Haller kwa kazi hiyo. Desemba 2004, mawimbi makuu ya tsunami yalipofika pwani yetu, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi alipelekwa huko, akafanya urafiki na kobe mzee, na habari yao ikaenea dunia nzima. Waliosoma habari hiyo wengi hawakujua kwamba urafiki ule ulifanyika ndani ya machimbo.

Nchini Kanada nako, katika kisiwa cha Vancouver, mwanamke aitwaye Jennie Butchart aliligeuza chimbo la mawe ya chokaa la kiwanda cha mumewe kuwa bustani mashuhuri, mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini yeye alileta udongo kwa mikokoteni ya farasi kutoka mashambani. Huko Bamburi udongo haukuletwa. Ulifanyizwa hapo hapo. Kwa nchi isiyo na udongo wa kugawa, somo la Bamburi ndilo kubwa zaidi.

Najua sasa mpinzani wangu atasema: "Bamburi iko pwani, na mwenye kazi alikuwa kampuni tajiri. Zombe ina mvua kidogo, na fedha hatuna." Kwa upande mmoja asema kweli. Mombasa hupata mvua nyingi kuliko Zombe, na mvinje si mti wa kupeleka kila mahali. Lakini mimi sisemi tuichukue miti ya Bamburi. Nasema tuichukue njia yake, yaani kujaribu, kuhesabu na kuandika. Miti tunayo wenyewe. Mtazame mukau, mti wa nchi kavu za Ukambani, ambao mbao zake hazitafunwi ovyo na mchwa. Kwa muda mrefu uliwatatiza wapandaji, kwa kuwa mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu, na ikipandwa hivi hivi hukaa bila kuota. Wazee waliokota kokwa zizini mwa mbuzi, maana mbuzi hula tunda na kulitema kokwa. Baadaye watafiti wa misitu, ambao taasisi yao ina kituo mjini Kitui, walijifunza kulivunja kokwa kwa uangalifu, kuikwaruza mbegu, kuiloweka majini na kuichana ganda lake. Na leo miche ya mukau huoteshwa kwa wingi vitaluni. Kati ya jongoo wa Bamburi na mbuzi wa Ukambani sioni tofauti kubwa: wote wawili walikuwa na siri, nayo iliwafikia watu waliokuwa na subira ya kutazama.

Wala Mkamba hana sababu ya kuamini kwamba ardhi iliyochoka haiponi. Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba milima ya Machakos inageuka jangwa, na mwaka 1938 walipoanza kunyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, watu walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kuwapinga. Ng'ombe walirudishwa. Lakini baadaye watu wale wale, kwa mikono yao, walichimba matuta mlima kwa mlima kwa njia ya kuutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Njia hiyo yaitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya lugha za kigeni. Watu walioponya milima watashindwaje kuponya mashimo?

Hata hivyo sipendi uniamini kupita kiasi, kwa hiyo nitakupa na habari inayoniudhi. Mwaka 1973 mbegu za mti wa mathenge zililetwa Kenya kutoka ng'ambo ili kusaidia kuyaponya machimbo yale yale ya Bamburi. Mti huo hustahimili ukame vizuri mno. Miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na Tana kwa nia njema, na huko ukashinda kila kitu: ukafunga malisho, ukaziba njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Watu wa jamii ya Ilchamus waliishitaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi. Twajifunza nini? Kwamba kupanda si utafiti. Mti ufaao shimoni Mombasa waweza kuwa msiba Baringo. Kila ajaye na mche mkononi akisema, "Huu huota popote," mwogope. Mti uotao popote haujui mpaka.

Na sheria je? Sheria haikulala. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 humruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, hata kama si yeye aliyeumia. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 huruhusu kutolewa amri ya kumlazimisha mharibifu airudishe ardhi katika hali yake. Sheria ya madini ya mwaka 2016 hutaka mwombaji aonyeshe mapema mpango wa kulitengeneza eneo na kulifunga, na aweke dhamana ya fedha. Majirani zetu wa Makueni walitunga mwaka 2015 sheria yao wenyewe ya kuhifadhi mchanga wa mito. Basi lililopungua si maandishi. Lililopungua ni watu wanaouliza, mbele ya mzee wa kijiji, mbele ya chifu, mbele ya mkandarasi, kabla tingatinga halijashushwa kutoka kwenye lori: udongo wa juu utawekwa wapi, kingo zitalazwa lini, na nani atabaki hapa kazi ikiisha?

Sasa nafika penye uzito wa shauri langu. Chini ya ardhi ya mashariki ya Kitui mna makaa ya mawe. Bonde la Mui lilipimwa na kugawanywa sehemu nne, na mojawapo huitwa kwa jina la Zombe na Kabati. Kuhusu makaa hayo mikataba imezungumzwa, mabishano yamekuwa mengi, na makaa yangali chini. Sitaki hapa kuamua kama yachimbwe au yasichimbwe. Hilo ni shauri jingine, nalo lina hoja zake nyingi. Lakini nasema hivi: shimo la makaa si kama shimo la changarawe. Huweza kumeza mashamba, makaburi ya mababu, vijia na visima. Nchini Marekani, nchi tajiri kuliko yetu, vilima vilipasuliwa kwa ajili ya makaa kwa vizazi kadhaa kabla sheria ya mwaka 1977 haijawalazimisha wachimbaji kuirudisha ardhi na kutoa malipo kwa kila tani ili machimbo yaliyotelekezwa yatengenezwe. Hata leo kazi hiyo haijaisha. Mtu aliyeshindwa kulifunga shimo la changarawe lenye upana wa uwanja wa mpira ataaminiwaje na shimo la makaa? Atakayeahidi kwamba ataiponya ardhi ya Zombe baada ya miaka thelathini, na atuonyeshe kwanza shimo moja dogo aliloliponya katika miaka mitatu.

Na sisi tusingoje atuonyeshe, tumwonyeshe. Shule yaweza kufanya utafiti huu. Lichaguliwe shimo moja kavu, kwa idhini ya mwenye ardhi, na watu wazima wenye zana walaze kingo zake kwanza, maana mwanafunzi haruhusiwi kusimama chini ya ukuta wa udongo unaoning'inia, wala kuingia katika shimo lenye maji. Kisha sakafu ya shimo igawanywe vipande vinne vilivyo sawa. Cha kwanza kiachwe kama kilivyo. Cha pili kizungushiwe ua wa miiba tu, mbuzi wasiingie. Cha tatu kizungushiwe ua, na sakafu yake iliyoshindiliwa na mitambo ivunjwe, vichimbwe vishimo vya nusu mwezi vya kunasa maji. Cha nne kifanyiwe hayo yote, kitiwe samadi ya zizini, kisha kipandwe mukau, mgunga na mbegu za nyasi za pale pale. Kazi iwe tayari kabla ya mvua za vuli, ambazo katika Kitui ndizo za kutegemewa zaidi. Kila msimu yahesabiwe yaliyoota, yaliyokufa na yaliyoliwa. Yaandikwe katika daftari lisilobebwa nyumbani na mtu mmoja, bali lirithiwe na kidato baada ya kidato.

Gharama yake ni miiba, samadi, majembe na daftari. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na jambo ambalo halimo katika kitabu chochote kilichochapishwa London wala Nairobi: litaeleza ni nini kiotacho katika shimo la Zombe, na ni nini kisichoota. Siku hiyo mchimbaji akisema, "Haiwezekani," hamtahitaji kumpigia kelele. Mtamfungulia ukurasa.

Twaambiwa mara nyingi kwamba vijana ni warithi wa nchi. Neno hilo ni zuri, lakini mrithi hurithi mali na madeni pamoja. Mashimo haya ni sehemu ya urithi wako, ewe msomaji, wala hukuulizwa kama unayataka. Yatupasa sisi tulio watu wazima kukomesha uchimbaji usio na malipo. Nawe yakupasa kujifunza jinsi deni la zamani linavyolipwa, kipande kwa kipande, ili siku utakapokuwa mhandisi, au mkandarasi, au mbunge, usije ukaliandika upya kwa jina lako.